Sombe Iliyojaza Mashini

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine vita viliwakuta barabarani, sokoni au mpakani. Mimi ilibidi vinitafute jikoni. Hata kazi niliikubali kwa sababu biro, yaani ofisi, ilikuwa hatua chache kutoka kwetu, hapa Ibanda, na maharage yakianza kuungua ningesikia harufu bila kunyanyuka kitini. Nilikuwa na diploma ya sekondari na vidole vyepesi. Mengine nilijifunza katika kitabu kimoja cha Kifaransa kisichokuwa na jalada.

Biro yetu ilikuwa watu wawili: mimi na mkubwa wangu, mwalimu mzee ambaye kila mtu alimwita Papa. Wa tatu alikuwa ordinateri, kompyuta kuukuu, zawadi ya watu wa Ulaya waliokuwa wameichoka. Papa aliifunika kwa kitambaa cha krosheti, vile watu wanavyofunika televisheni sebuleni, na kila asubuhi nilikikunja kwa adabu kabla ya kuiwasha. Haikuwa na picha wala rangi. Kioo cheusi, herufi nyeupe, na kamstari kanakopepesa kakingoja uandike amri. Ukiandika dir, inakuonyesha faili zilizomo. Ukiandika cd, inakuingiza ndani ya dosie, kabati la faili. Copy inanakili, del inafuta. Niliipenda. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kunitii namna hiyo.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Tangu vita vya pili vianze, watu walishuka kutoka vijijini kuja kusimulia waliyotendewa. Papa aliuliza, mimi niliandika. Kila mtu alipata faili lake lenye namba, na ndani yake jina lake, kijiji chake, na waliomtendea. Zote zililala katika dosie moja tuliyoiita TEMOINS, mashahidi. Namba sitini na moja ilikuwa ya maman mmoja wa Katana, mkulima, mjane wa miezi miwili.

Asubuhi moja Papa alikuwa ameenda huko huko Katana na disketi mbili ndani ya kitabu chake cha sala. Ndiyo nakala pekee tuliyokuwa nayo. Nilikuwa peke yangu, nawaza maharage, yule maman alipoingia na kukaa bila kusalimia. Kwetu mtu asiyesalimia ana habari. Akanieleza kwamba anatoka chini, Nguba, na kwamba ameona askari wa wale walioshika muji wakipakia mashini za biro moja kwenye kamyo. Kisha wakapanda barabara yetu, biro kwa biro.

"Jina yangu iko ndani ya hii kitu?" akauliza.

Nikamwambia iko.

"Itoe."

Nikaandika del temoins. Mashini ikaniuliza kwa Kifaransa kama nina hakika, maana faili zote zitafutwa: O ya ndiyo au N ya hapana. Nikabonyeza O. Nikaandika dir, ikaonyesha dosie tupu. Nikageuka kifua mbele, kama mtu aliyeua nyoka, nikamwambia imekwisha.

Akakitazama kioo.

"Karatasi ukichoma, majivu inabakia," akasema. "Hii majivu yake iko wapi?"

Nilianza kumcheka, mwanamke wa shamba na maswali yake. Kisha nikakumbuka. Mwezi mmoja kabla, Papa alikuwa amefuta kwa bahati mbaya hotuba yake ya sikukuu, na mimi niliandika neno moja, undelete, nikaifufua. Nilitembea na ushujaa huo wiki nzima. Nilijisifu kwenye kwaya, nilijisifu kwenye bomba la maji: kwetu hakuna kinachopotea, mimi nafufua. Nani hakujua? Na kitabu changu kilieleza wazi kwa nini. Del haichomi kitu. Inakata tu herufi ya kwanza ya jina la faili katika orodha. Ni kama kung'oa namba ya nyumba mlangoni. Wenyewe bado wako ndani, wanakula. Watatoka tu siku mwingine atakapohamia juu yao.

Kuivunja mashini kungekuwa kukiri. Kuibeba, na mgongo wangu huu, nisingefika hata mlangoni. Ilibaki kuhamishia kitu juu yao: kuijaza mashini yote, hadi pasibaki nafasi ya ukucha.

Nilikuwa na faili moja nono, na lilikuwa aibu yangu. Liliitwa NYUMBA. Ndani yake, kwa saa za kazi, miezi mingi, niliandika mambo ya nyumbani kwangu: sombe, majani ya muhogo, inavyopikwa, kuku wa jirani na makosa yao, mialiko niliyoikataa na visingizio nilivyotoa. Papa alidhani nanakili barua. Nikaandika copy nyumba+nyumba n1, yaani liunganishe na lenyewe, lizaliwe jipya mara mbili yake. Kisha n1+n1, n2. Kila mara mara mbili, na kila mara polepole zaidi. Mashini ilikwaruza kama mtu anayekwangua sufuria. Taa ikafifia, ikarudi.

Maman alisimama dirishani na kunitangazia. Wako kwa mulango ya bluu. Wametoka. Wako wanaomba maji kwa nyumba ya daktari. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. N7. N8. Kwenye n9 ikakataa: nafasi haitoshi. Nikaweka faili dogo, kisha dogo zaidi, hadi ikakataa hata mstari mmoja.

"Wako hapa," akasema, akachukua kitambaa cha krosheti na kuifunika mashini mwenyewe, vizuri, pembe zikilingana.

Aliyeingia kwanza alikuwa kijana mwenye miwani, wakamwita komanda. Alikifunua kitambaa, akaketi kwenye kiti changu, akaandika dir bila kutazama vidole. Kisha akaandika undelete.

Namba zikajipanga kiooni, kila moja imekatwa kichwa, mbele yake alama ya kuuliza. Akaanza na ya mwisho, sitini na moja, iliyo mpya kuliko zote. Nilijua ni ya nani. Mwenyewe alikuwa amesimama dirishani, mikono imekunjwa. Mashini ikafikiri. Ikajibu kwamba faili hilo halirudi, nafasi yake imekaliwa. Akajaribu lingine, na lingine. Akauliza hizo zilikuwa nini. Nikasema barua za zamani. Akafungua n8, akaanza kusoma kwa sauti:

"Leo pia sikutoka, na sijutii. Sombe haitaki haraka." Akashuka kurasa nyingi. "Leo pia sikutoka, na sijutii..." Akanitazama juu ya miwani. "Maman, ulijaza mashini nzima na sombe?"

"Mi ni mutu wa nyumbani, komanda."

"Na huyu ni nani?"

Alikuwa ameelekeza kidole dirishani. Ni maman mwenyewe aliyejibu, bila kugeuka haraka.

"Mi ndiye namufundisha. Lakini hajui. Anaweka mafuta mapema."

Komanda hakucheka. Aliwaambia askari wabebe. Walichomoa waya, wakaondoka na mashini, na sombe yangu yote, na kuku wa jirani. Kitambaa kilibaki mezani.

Papa alirudi siku ya tatu. Nilimweleza, naye akafungua kitabu cha sala, kitupu. Yeye na wasafiri wenzake walipokaribia barrière, kizuizi cha barabarani kando ya ziwa, askari walikuwa wakipekua mifuko, akazitupa disketi ziwani. Watu sitini na mmoja, na hatukubaki hata na herufi moja. Sikuwa na mzaha wowote, na mimi huwa nao hata msibani.

Wiki tano zilipita. Kila asubuhi nilikuja kuketi mbele ya meza tupu na kusikiliza mlango. Maman wa Katana alipoingia mwishowe, safari hii alisalimia: mimi, Papa, hata maharage yangu aliyaulizia. Nikamuuliza kama kuna askari waliokuja kwake.

"Hakuna," akasema. Akashusha kitunga chake, akavuta kiti. "Mi bado niko nayo yote. Andika."

Nikachukua daftari la shule. Alianza pale pale alipoanzia mara ya kwanza, kwa mbuzi aliyekuwa amefungwa nyuma ya nyumba. Alipomaliza, aliipapasa karatasi ya daftari, akataka kujua kiberiti chetu tunaweka wapi. Nikamwonyesha. Akakitikisa, akasikia kwamba kina njiti, akanirudishia.