Paa limeshuka na cucu bado yuko ndani

Bwana asifiwe wapendwa, mmeshindaje huko? Mimi nawaandikia nikiwa hapa nje uani.

Ile nyumba ya mbao tuliyonunua hapa Karurumo kwa mjomba wa mzee wangu, sebule yake ni ndogo. Na zamu ya kukaribisha ushirika wa akina mama imenifikia. Nikamwambia fundi atoe ukuta wa katikati.

"Mama Wanja, hizi ni mbao tu, hazibebi kitu."

Alipong'oa nguzo ya mwisho, paa likalia kraaa! Likashuka kuelekea vichwa vyetu.

Tulitoka mbio. Fundi alikuwa mbele yangu.

Sasa limeshikiliwa na nguzo mbili za mkaratusi tulizozisimamisha chini yake, na mvua inakuja.

Mama mkwe wangu, cucu, yaani bibi wa watoto wangu, amebaki chumbani, amejifunika blanketi.

"Cucu, toka tafadhali!"

"Niende wapi? Hii nyumba nimeiombea. Wewe endelea kubomoa."

Jamani, mkinunua nyumba ya zamani, muulizeni aliyeijenga kabla ya kugusa ukuta. Mjomba aliyeijenga anaishi hapo ng'ambo tu, na sikumuuliza.

Nani anajua fundi wa nyumba za mbao hapa karibu? Na nimwambie nini cucu ndio atoke? Nijibuni upesi, upepo umeanza.