Mume Wangu Aliponinunia Bila Kosa

Mume wangu aliacha kusema nami, na hatukuwa tumegombana.

Hakuna mwanamke wa nje, hakuna neno baya. Alipunguza tu maneno, kidogo kidogo, mpaka nyumba ikapoa.

Yeye ni fundi cherehani, anashonea sebuleni. Tangu zamani ni mtu wa sauti ya chini. Lakini sasa nilimwona anachezesha midomo bila kunitazama, kama anaongea na kitambaa.

Binti yetu naye akafuata mkumbo. Naingia, nawakuta wanacheka. Nauliza, "Kuna nini?" Wananitazama, basi, wanaacha.

Nikasema moyoni, haya, mimi ndiye mgeni humu. Nikawa nalala nimewapa mgongo.

Nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha misumari. Mashine inameza waya, inaukata, inaugonga kichwa, msumari unadondoka kwenye ndoo ya chuma. Safu nzima ya mashine, kutwa nzima. Kule tulisemeshana kwa vidole, au kwa kupigiana kelele sikioni. Jioni kichwa kinalia nziii, kama redio isiyoshika stesheni.

Cha ajabu, kule ndiko nilikojiona nina watu.

Nikafungasha nguo ili nikitoka kazini nipitilize kwa dada yangu.

Siku hiyo hiyo wakaja wakaguzi wa usalama kazini. Mkuu wao, mama mtu mzima, akapita katikati ya mashine na kipimo cha kelele. Akamwinamia meneja, akamwambia jambo. Mashine zote zikazimwa.

Wakatuingiza mmoja mmoja kwenye gari lao lenye kijichumba. Yule mama akanivisha vidude vya masikioni, akapaza sauti: "Ukisikia mluzi, bonyeza hapa."

Nikakaa, kidole tayari.

Ukaja mluzi mmoja mzito, nikabonyeza. Kisha kimya. Nikasubiri. Nikatazama ukuta. Nikawaza dada atanipokeaje.

Mlango ukafunguliwa.

"Samahani," nikasema, "mtambo umekwama?"

Akanisogelea hadi usoni. "Mama, tumeshamaliza. Miluzi ilikuwa inalia muda wote."

Nje nilimkuta mwenzangu tuliyemwita Kicheko, amekaa chini, hacheki. "Nilihama nyumbani kwa kaka yangu," akasema kwa sauti ya kiwandani. "Nilijua mawifi wananinong'ona."

Kumbe kila mmoja alikuwa na nyumba yake iliyonyamaza.

Meneja akajitetea, akipaza sauti tusikie. "Vizibo vya masikio vipo, viko stoo."

"Stoo haina masikio," mkaguzi akamjibu.

Kicheko akamgeukia mkaguzi naye. "Na nyie mlikuwa wapi?"

Yule mama hakutafuta maneno. "Tumechelewa," akasema.

Sikwenda kwa dada. Nilirudi na furushi langu, nikamweleza mume wangu. Akaweka mkasi chini, akaja karibu nami, akasema nami uso kwa uso.

"Kila asubuhi nilikusalimia. Hujibu. Nikajua umenichoka, nikaacha."

Tulikaa pale, hakuna aliyejua amwombe nani radhi.

Siku hizi mashine zimefungiwa ndani ya makasha, vizibo tunavaa, masikio yanapimwa. Vizuri. Lakini kilichokwenda hakirudi, daktari aliniambia wazi. Binti yangu amekua, wanasema sauti yake imebadilika. Sijui imekuwaje, na nilikuwa humo humo ndani.

Wewe mwenye kiwanda, na wewe mkaguzi, msisubiri mfanyakazi alalamike. Sisi hatukulalamika. Uziwi wa namna hii hauumi. Unakuja polepole, na wewe unadhani ni watu wameacha kukupenda.