Koma ya Sauti ya Nne

Walimwita Milimita, na jina hilo alilipata kihalali. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la fotokopi, kina meza, kompyuta na feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza, na humo alichapa nota za kwaya. Walimu wa kwaya walimletea karatasi zilizoandikwa kwa mkono, zimefutwafutwa na kumwagikiwa chai. Yeye aliziingiza kwenye programu ya muziki, kisha akaanza kusogeza. Alama ya kuimba kwa sauti ndogo ikipanda kidogo, aliishusha. Neno likiikosa nota yake kwa unene wa unywele, alilirudisha. Ungemwona pua inakaribia kugusa kioo, ungedhani anatafuta chawa.

Nyumbani hata vijiko vililala kwa mpangilio. "Siku nikifa," mumewe alipenda kusema, "huyu ataniambia kwanza nisogee kushoto kidogo."

Jambo moja hakulifanya kamwe: kuongeza kitu chake. Hata mtunzi akisahau nukta inayoonekana wazi, alimpigia simu kwanza. Wimbo si wake, kazi yake ni kupanga.

Mumewe alikuwa amestaafu kiwanda cha unga, na kiwanda hakikumwachia mapafu ya kujivunia. Akipanda ngazi alisimama katikati, akijifanya anaangalia mtaa. Kilichobaki ni kwaya. Pale mstari wa nyuma, kwenye sauti ya nne, ile nzito kuliko zote, bado alikuwa mtu mbele za watu. Sasa ukaja wimbo mpya, na mwalimu wa kwaya, kijana asiye na mzaha ambaye ndiye aliyeutunga, akatangaza kuhusu mstari wake mrefu: "Huu ni pumzi moja. Atakayekata, siku ya onyesho atakaa na watazamaji."

Mzee akawa anafanya mazoezi bafuni, bomba amelifungua ili asisikike. Alisikika. Kila mara alikatikia palepale, kisha kikohozi, kisha kimya ambacho Milimita alikichukia kuliko kikohozi chenyewe.

Wimbo ule ulipofika mezani kwake kuchapwa, aliuzunguka asubuhi nzima. Sauti ya tatu na ya nne, zote za wanaume, huandikwa pamoja kwenye mistari mitano ileile, kama wapangaji wawili wa chumba kimoja: alama za sauti ya tatu hukaa juu, za sauti ya nne hukaa chini. Pale chini, mahali mumewe anapoishiwa, akaweka koma ndogo, alama ya kuvuta pumzi. Alijiona mwizi. Ili yaishe upesi, akafanya anachofanya mwisho wa kila kazi: akazichagua koma zote za ukurasa na kubonyeza amri ya kuzinyoosha. Mkono ulifuata mazoea. Macho yalikuwa na aibu, hayakurudi kutazama.

Nakala alizipeleka mwenyewe mazoezini, akakaa kwenye benchi la mlangoni. Wimbo ulikwenda vizuri mpaka mstari ule, ndipo wanaume wote wakanyamaza kwa mpigo mmoja. Wanawake wakabaki peke yao juu, wakababaika, wakaacha.

"Simameni!" Mwalimu aligonga meza kwa kalamu. "Sauti ya nne, nilitegemea mtakata. Sauti ya tatu, nyie mna mapafu ya kukimbilia basi, mmekata kwa nini?"

"Mwalimu, pumzi imeandikwa," mmoja akajitetea.

"Imeandikwa na nani?"

Akaichukua karatasi. Koma ilikuwa juu, imenyooka sawasawa na wenzake. Ile amri ya kunyoosha ilikuwa imeipandisha kwenye safu ya koma za sauti ya tatu, na ikikaa juu peke yake, mtu yeyote wa mistari hiyo anaweza kudhani ni yake. Milimita alielewa papo hapo. Mwalimu akamtazama yeye, kisha akatazama mstari wa nyuma, ambako mzee mmoja alikuwa bado anatweta. Mzee mwenyewe alishaanza kukunja karatasi yake ili atoke.

Mwalimu akajikuna kidevu kwa muda.

"Imekaa vibaya," akasema hatimaye. "Mzee, rudi mahali pako. Koma hii ni ya sauti ya nne, ilitakiwa iwe chini. Chukueni penseli. Sauti ya nne mtapumua hapo, wote. Sauti ya tatu mnapita, mnawafunika."

Alipopita karibu na benchi alisema kwa sauti ya chini, "Mama, kazi yako siku hizi ina makosa."

"Ndiyo, mwalimu," Milimita akajibu, yeye ambaye huwa habishiwi.

Nyumbani mumewe alikaa kitandani, akahangaika na kamba za viatu mpaka mkewe akapiga magoti kumfungulia.

"Koma ile aliitia mwalimu?"

"Si umemsikia mwenyewe?"

"Mwalimu hajui pumzi yangu inakatikia wapi. Anayejua ni mtu wa humu ndani."

Milimita aliendelea na kamba, kichwa ameinamisha.

"Umenitia aibu," alisema mzee.

"Najua."

Akaunyoosha mguu, kiatu kikatoka.

"Basi isogeze nyuma nota moja," akasema. "Bafuni nilikuwa najikaza, maana nilijua unasikiliza."