Radhi za Kaloleni na Ndege ya Asubuhi

Kampuni ya ndege ikichelewa, inakuomba radhi kwenye kipaza sauti na mambo yanaishia hapo. Nimeshakaa uwanja wa ndege wa Kisumu asubuhi nzima nikiombwa radhi, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, huku ndege yenyewe ingali Nairobi. Lakini chelewa wewe, uone. Jambo hili linanichoma hadi leo, na nyumbani kwetu wanajua nikianza kulizungumza ni bora waniache nimalize.

Mama yangu alikuwa anakwenda Makka. Alikuwa ameisubiri safari hiyo tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Kila mwaka kilitokea kitu: karo, maziko, paa. Mwaka huo hatimaye alipata nafasi, ila katika kundi la mwisho. Lilikuwa linaondoka Nairobi alasiri, na baada ya hilo mahujaji hawapokelewi tena. Kwa barabara asingewahi. Ndege ya mchana ingemfikisha Nairobi wenzake wakiwa angani. Ilibaki ndege ya asubuhi tu.

Nilimsihi atangulie siku moja kabla, akalale kwa mdogo wangu Nairobi. Akakataa. Alikuwa hajamaliza kuomba radhi.

Mtaani kwetu Kaloleni, hapa Kisumu, anayekwenda Hija hupita kwa jirani mmoja mmoja kuomba radhi. Unaingia, unakaa, unasema kama nilikukosea kwa neno au kwa kitendo nisamehe, sijui kama nitarudi. Mama alifanya kazi hiyo wiki nzima. Alikwenda kwa mwenye duka, kwa walimu wa madrasa, hata kwa fundi viatu ambaye yeye Mama aliwahi kumwita mwizi kwa sababu ya kisigino. Nyumba moja tu aliikwepa mpaka asubuhi ya safari, na nyumba hiyo iko ukuta kwa ukuta na yetu.

Jirani huyo ni mwanamke anayeuza samaki wa ziwani wanaotoka Asembo Bay. Zamani alikuwa akimwaga maji ya kuoshea samaki mferejini, yakipita mbele ya mlango wetu na kunuka kutwa. Mama alimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mbele ya wateja. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Walikuwa wakinunua mboga kwa mama mmoja, wakianika nguo kamba zikigusana, na hawasalimiani.

"Dakika mbili tu," Mama aliniambia asubuhi hiyo, sanduku likiwa tayari kwenye buti la gari.

Nikabaki kwenye usukani. Dakika mbili zikapita. Nikapiga honi. Nikapiga tena. Mwishowe nikashuka, nikaenda kuchungulia mlangoni, na nikasikia mafuta yanachacharika jikoni. Jirani alikuwa anakaanga samaki.

"Mama, ndege!" nikasema.

"Wewe keti," jirani akaniambia bila kugeuka. "Mama yako amekaa miaka yote hiyo bila kuingia kwangu. Leo ameingia, ati aondoke hivyo hivyo? Mimi kusamehe nimesamehe. Lakini msamaha wa kusimama mlangoni ni wa nini? Atakula."

Mama alikuwa ameketi, mkoba magotini, macho mekundu. Akanitazama kwa namna ya kunikanya. Basi akala. Akala samaki na ugali saa ambayo hata chai haijashuka vizuri tumboni, na alikula taratibu, kwa sababu kula kwa haraka katika nyumba ile kungekuwa tusi jipya. Walipomaliza wakakumbatiana mlangoni wakilia wote wawili, na mimi nikawa nimesimama pale na funguo mkononi, natamani kuvunja kitu.

Garini nikaendesha kama kichaa. "Haraka haraka haina baraka," Mama akasema. Methali hiyo, naamini kabisa, ilitungwa na mtu ambaye hajawahi kukata tikiti ya ndege.

Tulipofika, ndege ilikuwa palepale uwanjani, tunaiona kupitia kioo. Abiria walikuwa bado wanatoka kuiendea. Lakini nyuma ya kaunta kijana mwenye tai alikuwa anakunja waya wa mashine.

"Pole dada, kaunta imefungwa," akasema. "Kompyuta haikubali tena."

"Si ndege hiyo hapo?"

"Ndege iko. Kaunta ndiyo imefungwa."

Wakati huo akaja mwanamume mmoja anakimbia nyuma yetu, begi dogo begani. Akaonyesha simu yake, akapita! Nikapandwa na mori. Nikamuuliza yule kijana ni dini gani hiyo inayomfungia mama mzee mlango na kumfungulia aliyekuja baada yake. Akanieleza, kwa adabu iliyonikera zaidi, kwamba yule bwana alikwisha kuthibitisha safari kwa simu na hana mzigo wa kukabidhi, kwa hiyo kwake kinachohesabika ni mlango wa kupandia, na huo ulikuwa wazi. Mama alikuwa na sanduku na hakuthibitisha chochote. Kwake kinachohesabika ni kaunta.

Tangu siku hiyo nimeuliza sana, mpaka marafiki wakanichoka. Nimejifunza kwamba hawaangalii umechelewa kiasi gani. Wanaangalia utawasumbua kiasi gani. Sanduku lako likiwa tayari tumboni mwa ndege, watakuita jina lako kwenye kipaza sauti kama mtoto aliyepotea sokoni, kwa sababu kulitafuta na kulishusha ni kazi kubwa kuliko kukungoja. Mkichelewa watu kumi pamoja kwa sababu ndege yao nyingine iliwachelewesha, wanaweza kuwangoja. Mama mmoja wa Kaloleni aliyechelewa kwa sababu ya samaki, huyo hawasumbui kitu. Anaachwa.

Nilipiga kelele. Nilitaja Makka, nikataja miaka, nikataja kundi la mwisho. Watu wakageuka kututazama. Mama akawa ananivuta mkono, "Nyamaza, mwanangu, nyamaza." Sikunyamaza, na kelele zikamleta msimamizi, mwanamke wa makamo aliyeshika redio. Akamsikiliza Mama, si mimi. Akasogea pembeni, akaongea na redio, akarudi.

"Mama, sikiza," akasema. "Kiti chako tulishapeana. Kulikuwa na mtu anangojea kama kuna mwenye hatakuja. Lakini hajapanda bado, yule pale." Akaonyesha kioo. Nje, mwisho wa mstari, alisimama mwanamume mwenye koti la kahawia na mfuko wa nailoni, ametugeuzia mgongo. "Naweza kumrudisha, wewe upande. Sanduku uache, litakuja baadaye. Lakini uniambie sasa hivi."

"Mrudishe!" nikasema.

"Nauliza Mama. Tikiti ni ya Mama."

Mama akamtazama yule mtu kupitia kioo. "Anakwenda wapi?"

"Hatuulizi, Mama."

"Ana mgonjwa?"

"Sijui, Mama. Kwa kweli sijui."

Mstari ulikuwa unasogea. Mwenye koti akabadilisha mfuko wake kutoka mkono huu hadi mwingine.

"Hapana," Mama akasema. "Mwache aende."

"Mama, kubali!" nikasema.

"Nimezunguka Kaloleni wiki nzima. Huyu nitamtafuta wapi nimwombe radhi?"

Msimamizi akangoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kugeuza neno. Kisha akainua redio akasema wafunge.

Mama hajaenda Makka mpaka leo. Mwaka uliofuata magoti yalikataa, na uliofuata baada ya huo daktari alimwambia moyo wake hautaki joto wala msongamano. Wanaosikia habari hii humsifu. Imamu aliieleza msikitini, bila kutaja jina, na wanawake wakaja nyumbani kumpongeza. Wanasema nia yake imekwisha kuandikwa kwa Mwenyezi Mungu. Huenda. Mimi bado nina hasira na kampuni ile, na jirani, na samaki wake, na mwenye koti ambaye hata hakugeuka.

Lakini wanaomsifu hawakuwamo garini. Nililirudisha sanduku kwenye buti, nikakaa kwenye usukani, na Mama akakaa kando yangu pale maegeshoni, ameshika pasi yake ya kusafiria kwa mikono miwili. Alilia kwa sauti. Sijawahi kumsikia akilia vile, hata siku tuliyomzika baba. Nikamwambia alichofanya ni kitu kikubwa, Mungu amekiona.

"Nilitaka kwenda," akasema. "Nilitaka kwenda, mwanangu." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akanigeukia, na alikuwa amekasirika kuliko mimi. "Wewe umegombana na kila mtu tangu asubuhi. Mimi niliposema hapana, ukasema kubali mara moja tu, kisha ukanyamaza."