Bata Aliyenunuliwa Mara Mbili

Ukiuliza katika soko la Kyebando, Kampala, ni mwanamke gani hapunjiki, utaelekezwa kwa Alum. Muuza nyanya akimwona kwa mbali huondoa juu zile zilizobonyea. Muuza mkaa akimpimia, hulitikisa debe mwenyewe kabla hajaambiwa. Alum alikuwa askari wa jela ya wanawake kule Luzira, karibu na bandari ya Port Bell, miaka thelathini na mmoja, na jela humfunza mtu kusoma macho ya mwenzake. Tena alikuwa msichana wakati ule sukari ilipoadimika nchi nzima, watu wakaweka pipi shavuni wakainywea chai. Mtu aliyepita huko hawezi kuichezea shilingi.

Lakini kila nyumba ina mlango wa nyuma, na mlango wa Alum ulikuwa unafunguka Jumapili, misa ikiisha.

Pale kanisani kwao, asiye na pesa ya sadaka hutoa alichonacho: mkungu wa ndizi, mayai ndani ya bakuli, boga, kuku aliyefungwa miguu. Watu wakitoka, vitu hivyo hunadiwa uwanjani, na pesa huenda kanisani. Dalali ni mzee Odoch, polisi mstaafu, mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Huinua kitu juu, huzungusha macho, kisha huchagua mtu.

"Namwona Afande Alum amekaa pale! Afande, boga kama hili litaingia chungu cha nani kama si chako? Elfu kumi, nani anasema? Afande Alum!"

Kabla Alum hajafikiri, mkono uko juu. Watu wanapiga makofi. Boga ni lake, kwa bei ya maboga matano.

Hivyo ndivyo alivyonunua fenesi, naye fenesi humjaza tumbo upepo. Hivyo ndivyo alivyonunua viatu vya mtoto mchanga, ilhali kitinda mimba wake ana ndevu. Akanunua bata, akanunua bata tena, akanunua batamzinga mwenye kiburi aliyemkimbiza msoma mita ya maji hadi barabarani.

Na kama ungekuwa mchezo tu, tungecheka tukaishia hapo. Lakini nyuma ya nyumba yake palikuwa na chumba kimesimama kuta nne bila paa. Chumba hicho kilikuwa cha dada yake mkubwa, Babra, aliyebaki Lira peke yake, macho yakimfifia mwaka hata mwaka. Alum alikuwa amemwahidi: "Utakuja kukaa kwangu, chini ya paa lako mwenyewe." Yalitakiwa mabati kumi na manane. Kila pensheni ilipoingia, Alum alifunga fedha ya mabati kwenye kitambaa, na kila Jumapili Odoch alikifungua kitambaa kile kwa ulimi. Ndege walionunuliwa hawakuwa na pa kulala, basi wakawekwa mumo humo, ndani ya chumba cha Babra.

Alijaribu kujizuia, asije mtu akasema hakujaribu. Aliacha pochi nyumbani; Odoch akasema, "Afande ni mtu wa neno, ataleta kesho." Alikaa nyuma kabisa, sauti ikamfuata. Jumapili moja aliukalia mkono wa kulia. Ukapanda wa kushoto.

Mabati yalikuwa dukani kwa Hasifa, hapo hapo kwenye njia panda. Hasifa ni wa zile familia za Kiislamu za kale, ambazo babu zao walipanda kutoka pwani na misafara ya biashara, na ulimi wake ni mkali kama msumeno anaouza.

"Mama Lakica," alimwambia Alum, akimwita kwa jina la mwanawe, "mabati yako nimeyaegesha pale tangu Ramadhani. Wateja wanadhani ni ukuta wa duka."

"Mwisho wa mwezi, Hajjati."

"Miezi yote ina mwisho, mama. Ahadi yako tu ndiyo haina."

Alum akajichekesha, akaondoka. Jioni hiyo alikuwa anawamwagia bata pumba, simu ikalia. Babra.

"Nimepata mtu wa kunisindikiza. Nakuja, zimebaki wiki tatu. Chumba tayari?"

"Tayari, dada," akasema Alum, na juu ya kichwa chake akaona mawingu.

"Mbona nasikia kelele?"

"Ni majirani."

"Majirani wa Kampala wanalia kama bata," akasema Babra, akakata simu.

Sasa Alum akashikwa na woga wa kweli. Mtu mzima asiyeona vizuri atashuka kwenye basi na mzigo wake, aje alale wapi? Mapajani mwa batamzinga? Akapanga jambo lililoonekana la akili. Jumapili atampeleka bata mmoja kanisani awe sadaka yake. Chumba kitapungua kelele, Mungu atapata haki yake, naye hatakuwa na sababu ya kununua chochote. Akamchagua yule mweupe mwenye doa jeusi kwenye paji la uso, maana ndiye aliyekuwa mwimbaji mkuu.

Misa ikaisha. Bata akainuliwa juu.

"Bata huyu katoka kwa nani?" Odoch akauliza, naye anajua. "Katoka kwa Afande Alum! Mtazameni shingo! Huyu kalelewa kwa nidhamu, huyu anajua kulia-geuka!"

Watu wakacheka. Mgeni mmoja kutoka Namuwongo akataja elfu ishirini. Mwingine akaongeza, ishirini na tano; mgeni akapandisha, thelathini.

"Haya," Odoch akasema, akishusha sauti kama mtu anayetoa habari ya msiba. "Mgeni anamchukua bata wa Afande. Anampeleka Namuwongo, ng'ambo ya reli. Afande Alum, na wewe upo hapa? Unatazama?"

Mkono ukapanda.

"Arobaini! Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu! Afande Alum!"

Makofi yalikuwa makubwa kuliko siku zote. Alum akampokea bata wake, akampakata, akashika njia ya nyumbani. Alipofika njia panda, Hasifa alikuwa mlangoni mwa duka.

"Mama Lakica, huyu si yule uliyempeleka asubuhi?"

"Ndiye."

"Amekataliwa?"

"Nimemnunua."

Hasifa alicheka mpaka akatafuta mfuko wa saruji akaukalia. Alipopata pumzi akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Babu yangu aliuza, baba yangu aliuza, nami nimezaliwa katikati ya mizani. Sijapata kuona mtu anajiuzia kitu chake mwenyewe na bado anapata hasara! Ngoja, ngoja. Niambie jambo moja tu, nielewe biashara. Bata ulikuwa naye. Sasa umenunua nini?"

Alum akamhamishia bata kwapa la pili, akaendelea na njia.

Swali hilo lilimfuata hadi nyumbani, likaketi naye kwenye kibao cha jikoni. Umenunua nini? Bata hakumtaka, alimtoa mwenyewe kwa mikono yake. Makofi? Makofi hupigiwa kila anayenunua. Akakumbuka Jumapili moja Odoch alipokwenda mazikoni, katekista akashika mnada. Yule kijana alisema tu "mbuzi, elfu themanini", "mayai, elfu nane", kama anayesoma tangazo la benki. Mbuzi yule alikuwa mzuri kupita vyote, na siku hiyo mkono wa Alum ulilala mapajani kama paka. Katekista alitaja vitu. Odoch hutaja watu.

Hapo ndipo kitu kikamfungukia. Miaka thelathini na mmoja, kila asubuhi, kabla ya umande kukauka, walipangwa mstari pale Luzira wakaitwa majina. "Sajini Alum!" Naye akigonga visigino: "Niko, afande!" Hata siku mumewe alipougua, hata siku mabomu ya waasi yaliposikika mjini, jina liliitwa na likaitikiwa. Kisha siku moja wakampa cheti na saa ya ukutani, na asubuhi iliyofuata hakuitwa na mtu. Tangu hapo ni Mama Lakica, ni bibi, au kwa Kiganda, "jjajja, pisha kidogo". Wiki nzima hakuna anayemwita kwa cheo chake, isipokuwa mtu mmoja, Jumapili, uwanjani.

"Kumbe ni jina langu!" akasema kwa sauti. "Ninanunua jina langu! Elfu arobaini, na ni langu!" Akacheka peke yake hadi batamzinga akaitikia.

Jumapili iliyofuata Alum alivaa gomesi yake ya bluu, akatia sadaka yake kapuni bila kuongeza wala kupunguza, akakaa mstari wa mbele. Odoch akainua chupa ya asali.

"Asali ya Lango hii, kule kwao Lira! Nani anaijua kuliko Afande Alum?"

Alum akasimama. Akagonga visigino, kifua mbele, mikono ubavuni.

"Niko, afande!"

Akaketi.

Chupa ikabaki hewani. Odoch akakohoa. "Uko... kwa shilingi ngapi?"

"Niko tu, mzee. Umeita, nimeitika."

Kicheko kilichotoka hapo kilimwamsha mtoto aliyelala sakristia. Odoch, mtu wa vita, hakukubali kushindwa mara moja. Akainua jogoo: "Afande Alum!" "Niko, afande!" Akainua mananasi: "Afande Alum!" "Niko!" Kila alipoitika, Alum alisikia kifua kimejaa hadi shingoni, na mkono wake haukuwa na habari. Mara Odoch akamgeukia Rosebella, mjane wa inspekta, na Rosebella naye akasimama wima: "Niko, afande!" Akafuata mzee Okwir, aliyekuwa dereva wa jeshi, magoti yakilia.

"Leo nimenadi au nimehesabu kikosi?" Odoch akapiga kelele, naye anacheka hadi machozi. Asali ilinunuliwa na mtu aliyetaka asali. Alum mwenyewe alichukua nanasi moja mwishoni, kwa sababu alitamani nanasi.

Jumatatu aliwafunga bata wote miguu, yule mweupe na batamzinga pamoja, akawauza kwa mpishi wa hoteli sokoni Kalerwe, akibishana bei hadi mpishi akaomba maji. Fedha hiyo akaiunganisha na pensheni, akaingia dukani kwa Hasifa.

"Mabati kumi na manane, Hajjati."

Hasifa aliyashusha mwenyewe, kisha akaegemea kaunta kwa tabasamu tamu. "Na rangi nyekundu ya paa je, Afande? Mtu wa cheo chako kukaa na bati tupu..."

Alum alimtazama kwa lile jicho la Luzira. "Umeanza lini kuniita Afande, Hajjati?"

Wakapasuka kicheko wote wawili, na Hasifa akamwongezea misumari robo kilo bila kuombwa.

Fundi Ongom alipigilia siku mbili. Jumamosi Babra akafika, mpwa wao Ojera akimshika mkono, na mzigo wa ufuta kichwani kwa Ojera. Alum akamwingiza chumbani. Babra alipapasa ukuta wa kwanza, wa pili, akanusa saruji, akapapasa kitanda. Kisha akainua uso wake juu, macho yakitafuta.

"Kuta nimezishika. Paa nitalijuaje?"

Alum akatoka nje, akarusha kokoto. Ikagonga bati, ngo! ikaviringika hadi ukingoni.

Babra akacheka kama msichana wa kisimani. "Tena."

Ngo!

"Tena, Alum. Upande huu, juu ya kitanda."

Alum akainama, akatafuta jiwe kubwa kidogo.