Fundo la Huruma

Wifi yangu amefanya kazi ya kuzamisha sahani baharini kwa miaka ishirini na miwili. Sahani yenyewe ni bamba la chuma la duara, limepakwa rangi nyeupe, limefungwa kwenye kamba yenye mafundo, na kutoka fundo hadi fundo ni nusu mita. Kila Jumanne saa sita mchana anatoka na boti ya kituo cha utafiti hadi mbele ya mdomo wa mto, anaishusha taratibu, na pale inapopotea machoni anaandika daftarini idadi ya mafundo yaliyozama; yakiwa mengi, maji ni maangavu. Basi, kazi imekwisha. Mtaani wakambandika jina Mama Sahani, na mimi, kwa kuwa mume wangu ni kaka yake na utani ni haki yangu, nilikuwa namuuliza kama leo ameosha vyombo vyote au sufuria amemwachia nani.

Miaka ya mwanzo alikuwa akirudi na mafundo kumi na manne. Halafu huko juu wakaanza kufyeka vilima na kuchimba kokoto kingoni mwa mto, na kila mvua ikinyesha mto ukawa unashuka mwekundu. Yakawa kumi, yakawa nane, yakawa saba. Aliniambia udongo ule ukifika baharini unatua juu ya matumbawe na nyasi za chini, unazifunika, na mwanga usipofika zinakufa, kisha samaki nao wanahama. Mimi nilikuwa napiga cherehani, namsikiliza nusu sikio, Mungu anisamehe.

Miaka miwili iliyopita alikaa kwenye cherehani yangu anisaidie kutunga uzi. Alijaribu mara tano, uzi ukapita pembeni mara tano. Nikamcheka. "Wifi, macho hayo yameshastaafu, ni wewe tu hujapewa barua. Ndiyo maana bahari unaiona chafu." Naye akacheka, nikadhani yameishia hapo.

Mwezi uliopita kikaitishwa kikao cha kuamua kama uchimbaji usimamishwe. Ushahidi wa miaka mingi ulikuwa mmoja tu, daftari la wifi yangu. Kabla ya siku yenyewe wakili wa wachimbaji akauliza mpimaji ana umri gani, na mkuu wa kituo, asije akaumbuka, akamtuma akapime macho alete cheti. Nilimsindikiza. Tukiwa kwenye benchi la kliniki akasema polepole, "Naomba yawe mabovu."

"Una wazimu? Yakiwa mabovu daftari lako si ndiyo basi?"

"Yakiwa mabovu, basi bahari ni nzima."



Daktari akamsomesha herufi za ukutani, akammulika, akatabasamu. "Mama, ya mbali yako kama ya msichana. Ya karibu tu ndiyo umri. Chukua miwani ya kusomea." Nikampiga begani kwa furaha. Yeye akarudi kwenye benchi, akakaa.

Hapo ndipo aliponiambia. Tangu siku ile ya uzi alikuwa anaongeza fundo moja kila Jumanne. Akiona matano, anaandika sita. "Nilisema nisiionee bahari kwa ubovu wa macho yangu," alisema. "Kumbe macho hayana neno."

 Nikamwambia anyamaze. Sita yenyewe ni mbaya vya kutosha, nani atajua?  Tulipofika nyumbani alivaa miwani mpya, akachukua kalamu nyekundu, akafungua daftari mezani kwangu kati ya vitambaa. Jumanne moja baada ya nyingine alikata sita akaandika tano, akatia sahihi pembeni. Mimi nilimfunulia kurasa. Katikati nikashindwa kuvumilia.

"Wifi, nilikuwa natania tu."

"Najua," alisema bila kuinua kichwa. "Mkono ulioandika ni wangu."

Kwenye kikao wakili aliinua daftari, akawaonyesha wajumbe zile nyekundu, akauliza kwa upole kabisa waamini tarakimu ipi. Alisema pia kwamba mtu aliyebadilisha miaka miwili anaweza kuwa alibadilisha ishirini. Daftari likawekwa kando. Uchimbaji unaendelea hadi vipimo vipya vya miaka mitano vipatikane, na safari hii kila kipimo kishuhudiwe na watu wawili. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa navyo mkononi. "Wamesema tuanze upya," alisema. Ana miaka hamsini na minane.

Shahidi wa pili nimekuwa mimi. Boti naiogopa, na nilitapika kabla hatujafika. Tuliegemea ukingo wa boti wenye kivuli, kama anavyofanya siku zote ili mng'ao wa jua usidanganye, akaanza kulegeza kamba. Sharti lake ni kwamba nitaje mimi kwanza, yeye atafuata. Ile sahani nyeupe ikageuka njano, ikawa rangi ya kutu, ikapotea.

"Sioni tena," nikasema.

"Mangapi?"

Nikahesabu yaliyozama. Yalikuwa manne. Alikuwa ananitazama na ile miwani yake ya kusomea imening'inia kifuani, na uso umechoka hivi kwamba, wallahi, ulimi wangu ulishaanza kusema matano.

"Manne, wifi."

"Na mimi manne," alisema, akavaa miwani, akaandika.