Mkanda wa Kimbunga Kwenye Tundu la Nne

Saa nne asubuhi, mchana kweupe, mbwa anayeitwa Kimbunga alivunja mlango wa chumba cha kulala akamkata shemeji yangu vidole viwili vya mkono wa kulia.

Mbwa huyo nilimfunza mimi.

Saa tisa alasiri siku hiyohiyo nilikuwa nimekubali kumshika kichwa ili daktari wa mifugo amchome sindano ya kumuua.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana mkisikia mwisho bila mwanzo mtanitukana bure. Na matusi mengine nayastahili.

Kazi yangu ni kufunza mbwa. Mtaani wananiita Mwalimu, na wakishaniita wanacheka. Nimezoea.

Kimbunga alikuwa mbwa wa dada yangu. Alimlea tangu akiwa mdogo, na jina lilimkaa kama ngozi yake. Alirukia wageni, alirarua nguo kwenye kamba, na geti likiachwa wazi nusu dakika tu yuko barabarani anakimbizana na malori.

Shemeji, mume wa dada, ni msimamizi kwenye kiwanda cha matofali. Alisema mbwa akitoka tena atampasua kichwa kwa chuma. Dada akanipigia simu.

Nikaenda na vitu viwili. Mfuko wa maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo, na mkanda wa umeme.

Mkanda wenyewe unafungwa shingoni. Ndani una vichuma viwili vinavyogusa ngozi. Rimoti yake ina vitufe viwili: kimoja kinatoa mlio kwenye mkanda, kingine kinapiga shoti, kuanzia namba moja hadi kumi.

Mimi naanza na mlio peke yake. Mkanda ukilia, mbwa akinijia, anakula ini. Mara mia mbili hivyo kabla sijagusa shoti. Kimbunga nilimpiga shoti mara tatu tu, namba mbili, akiwa anaelekea kwenye malori, na kwanza niliijaribu kwenye mkono wangu mwenyewe.

Wiki ya tatu, ukibonyeza mlio, Kimbunga anaacha kila kitu popote alipo na kuja mbio kwa aliyeshika rimoti. Dada alilia kwa furaha.

Shemeji aliyacheka yale maini. Akasema mbwa wa kuhongwa atahongwa na mwizi pia. Lakini rimoti aliipenda. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, ila hii ya mbali ilikuwa inafika.

Akaniomba nimfundishe. Nikamfundisha, kwa mdomo wangu huu.

"Mlio kwanza, shemeji. Asipotii, ndipo shoti."

Alirudia maneno yale mara mbili, kama mwanafunzi anayekariri. Nikafurahi. Nikamwachia kila kitu, nikaondoka.

Miezi minne baadaye ndiyo nikaitwa.

Nilikuta damu ukumbini mpaka jikoni. Mlango wa chumba umepasuka katikati, mbao zimening'inia. Kimbunga alikuwa amefungiwa bandani, kifua chote chekundu, jicho moja limevimba kwa kipigo. Aliponiona alitikisa mkia. Nikashindwa kumtazama.

Shemeji alirudi kutoka hospitali na mkono uliofungwa bandeji hadi kiwiko. Mkono wa kushoto ameshika nondo. Alisema alikuwa amekaa tu kitandani, mbwa akamvamia kama jini. Daktari wa mifugo alikuwa njiani, na mimi niliyemfunza ndiye nitakayemshika.

Nilimwangalia dada. Alikuwa anafuta damu sakafuni, amejizungushia skafu shingoni, joto lote lile. Hakuinua uso.

Sikubishana. Nawaambia ukweli, niliwaza jina langu kuliko mbwa. Mbwa anayemuuma mwenye nyumba, mimi mwenyewe huwaambia watu hana dawa.

Daktari alikuja, akafungua mkoba wake. Akauliza kama mbwa ana mkanda wowote, uvuliwe. Nikachungulia. Shingo ilikuwa tupu.

Nikaingia chumbani kuutafuta. Nilikuta rimoti chini ya kitanda, ina alama za meno, namba imewekwa nane. Pembeni yake mkanda.

Ulikuwa umekatika upande mmoja kwa kuvutwa, lakini kifungo bado kimefungwa, na kimefungwa tundu la nne.

Shingo ya Kimbunga ni nene kama paja langu. Siku zote nilimfunga tundu la tisa. Kwenye tundu la nne, mkanda ule usingempita hata masikio.

Kwenye kifungo chake kulikuwa na unywele mrefu wa msuko.

Nikavichukua vyote viwili. Nikamfuata dada jikoni, nikamwonyesha. Akatazama mlangoni kwanza. Kisha akafungua skafu.

Vidoti viwili viwili, vyekundu na vyeusi, vimezunguka koo lote. Vingine vilikuwa na ganda la zamani.

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Ningesema nini, mdogo wangu? Kwamba nimevishwa mkanda wa mbwa?"

Kisha akasema neno ambalo nalisikia mpaka leo nikinyamaza.

"Anabonyeza mlio kwanza. Nisipotii, ndipo shoti. Alisema ndivyo ulivyomfundisha."

Asubuhi ile, dada akanisimulia, chai ilikuwa imepoa. Shemeji akamfunga mkanda, akabonyeza mlio. Siku nyingine alikuwa akimfungia mbwa bandani kwanza; siku ile alisahau. Uani Kimbunga akausikia, na akafanya nilichomfunza mara mia mbili: aliacha kila kitu, akaja mbio kwa aliyeshika rimoti. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, akaupitia hivyohivyo. Alikuja kuchukua ini lake, masikini. Alikuta dada yangu chini anatapatapa, na mume wake akampiga Kimbunga teke la jicho. Hapo ndipo alipoudaka ule mkono wenye rimoti.

Sikumsikia shemeji akiingia.

Nondo ilinipiga begani, nikasikia mfupa ukivunjika. Nikaanguka na mkanda mkononi, rimoti ikateleza chini ya meza. Akanipiga tena, mbavuni. Nilimrushia teke la goti, akayumba, hakuanguka. Akaibana nondo kwapani, akamshika dada nywele, akambamiza ukutani mara mbili. Akasema akitoka hapo anakwenda kummaliza mbwa, halafu atarudi kwetu. Damu ilinijaa mdomoni. Daktari alikuwa mlangoni anapiga kelele, simu sikioni anaita polisi, lakini nani atamsogelea mtu mwenye nondo?

Shemeji akainyanyua nondo juu ya kichwa changu.

Dada, akiwa ameanguka, alinyoosha mkono chini ya meza. Akabonyeza.

Mlio tu. Ule mdogo, wa pii.

Shemeji akaganda. Nondo ikamdondoka. Bandeji akaificha kwapani, akajikunja kwenye kona anatetemeka, macho mlangoni, suruali imelowa. Nyuma ya nyumba Kimbunga alikuwa anajipigiza kwenye nyavu za banda, lakini komeo lilishika. Hakuja mtu. Hakuja mbwa.

Dada aliendelea kubonyeza mlio mpaka polisi walipofika.

Daktari aliandika kila alichokiona, hadi idadi ya vidoti, na karatasi ile ndiyo iliyomfunga shemeji. Sindano aliirudisha mkobani. Dada na Kimbunga wanaishi kwangu sasa. Mbwa akirukia wageni, tunampa ini akikaa chini, basi. Inachukua muda mrefu zaidi, na muda tunao.

Bega langu halikupona sawasawa. Dada bado hawezi kuvaa hata mkufu.

Somo langu ni fupi. Nilihakikisha mbwa hataumizwa, nikasahau kuwa nyumba ile haikuwa na mbwa peke yake. Siku hizi mtu akiniletea mbwa msumbufu, namuuliza kwanza nani mwingine anaishi naye. Halafu naomba nisalimiane na huyo mwingine, yeye mwenyewe, tukiwa wawili.